Ford Rotunda: jinsi paa la tani 8 na nusu lilivyoliangusha jumba zima

Ford Rotunda ilikuwa jumba la maonyesho la kampuni ya magari ya Ford pale Dearborn, jimbo la Michigan, Marekani, na iliungua tarehe 9 Novemba 1962 mchana kweupe. Moto ulianza saa saba na kitu, kufika saa nane hivi hakuna jengo tena, kuta zimelala chini. Mafundi walikuwa juu ya paa wanaziba sehemu zinazovuja. Ukiuliza kilichotokea utaambiwa hita ya gesi ilisababisha moto, basi, imeisha. Sawa, hita ndo iliyowasha, lakini mi ukiniuliza ule moto ulianza kupikwa miaka 9 nyuma siku lile paa lilipochaguliwa, na ukitaka kuchimba zaidi unarudi mpaka 1934 jengo lilipojengwa kwa ajili ya msimu mmoja tu. Nafanya kazi za ujenzi, mapaa hasa, na hiki kisa huwa nakirudia mara kwa mara kwa sababu ukikifuata hatua kwa hatua humwoni mjinga hata mmoja, kila aliyefanya uamuzi alikuwa na sababu ya maana kabisa, na bado jengo likaenda.

Tuanzie Chicago. Mwaka 1933 kulikuwa na maonyesho makubwa ya dunia pale, yanaitwa Century of Progress, kandokando ya ziwa Michigan. General Motors wakaweka jumba lao na ndani yake wakafunga laini halisi ya kuunganisha magari, Chevrolet zinaundwa mbele ya macho ya watu. Sasa fikiria mzee Henry Ford anavyosikia hiyo habari, laini ya kuunganisha magari ndo kitu kilichompa jina duniani, alafu mshindani wake ndo anaionyesha. Mwaka huo Ford hakushiriki kabisa. Maonyesho yalipoongezewa mwaka wa pili, 1934, akaingia kwa kishindo na jumba kubwa kuliko la yeyote, na mchoraji wake alikuwa Albert Kahn, yuleyule aliyechora jumba la General Motors, na yuleyule aliyemchorea Ford viwanda vyake vya Highland Park na Rouge. Kahn alikuwa anachora viwanda kama vile mwingine anavyoshona nguo, haraka na kwa kipimo cha mteja.

Jumba lilikuwa na mabawa marefu pembeni na katikati ndo hiyo Rotunda yenyewe, mnara wa duara, umbo lake ni gia zilizopangwa moja juu ya nyingine, kubwa chini na ndogo juu, meno ya gia yanaonekana kabisa ukutani. Katikati pako wazi juu, uwanja wa duara usio na paa. Hili la uwazi mlishike, maana kisa chote kinaninginia hapo. Usiku taa kali zilikuwa zinarusha mwanga kutoka humo kwenda angani kama nguzo. Upande wa maonyesho ya ndani alihusika Walter Dorwin Teague, mmoja wa wabunifu wakubwa wa bidhaa wa enzi zile, na nje kulikuwa na barabara ya kuzunguka iliyojengwa kwa vipande vinavyoiga barabara maarufu za dunia, ikiwemo ile ya kale ya Warumi, Via Appia, mgeni anapakiwa kwenye Ford mpya anapitishwa humo ili aone gari linavyomeza mashimo. Mi naona hilo lilikuwa tangazo bora kuliko bango lolote, humwambii mtu springi zako ni nzuri, unamkalisha kwenye siti tu.

Sasa majengo ya maonyesho ya dunia hujengwa ya kubomolewa. Fremu ya chuma, kuta za mbao nyepesi na jasi, rangi, taa, msimu ukiisha yanashushwa. Maonyesho yalifungwa mwisho wa Oktoba 1934 na kwa kawaida Rotunda ingekwenda na mengine, lakini Ford akaamua sehemu ya katikati ifunguliwe, isafirishwe mpaka Dearborn na isimamishwe tena karibu na kiwanda cha Rouge. Ikavalishwa ngozi mpya ya mawe ya chokaa ya Indiana, ikawekewa bustani na ile barabara ya dunia ikaigwa upya, na tarehe 14 Mei 1936 ikafunguliwa. Kazi yake sasa ikawa kupokea wageni wanaokuja kutembelea kiwanda. Na Rouge hakikuwa kiwanda cha mchezo, madini ya chuma yalikuwa yanaingia kwa meli upande mmoja na gari linatoka upande wa pili, kwahiyo watu walikuwa wanakuja kwa maelfu kuona, na walihitaji mahali pa kukusanyika, kupewa maelezo na kupanda basi. Ndani ukutani kulikuwa na picha kubwa mno zinazozunguka duara lote zikionyesha kazi za kiwandani.

Mtu wa ujenzi akifika hapa anatakiwa asimame kidogo. Mawe yamewekwa nje, muonekano ni wa jengo la kudumu, mgeni akiliona anasema hili litakaa miaka 200. Ila mifupa ndani bado ni hesabu za 1934, za duara lililo wazi juu ambalo halijawahi kuulizwa kubeba paa zito katikati. Mvua na theluji zilikuwa zinaanguka zao kwenye uwanja wa ndani, hakuna shida.

Vita vilipokuja likafungwa kwa umma mwaka 1942 na jeshi la anga likapewa nafasi humo. Mzee Ford alifariki Aprili 1947 na kampuni ikabaki mikononi mwa mjukuu wake Henry Ford II, kijana aliyeikuta kampuni ipo hoi na akaamua kuiamsha. Mwaka 1953 kampuni ilikuwa inatimiza miaka 50 tangu kuanzishwa Juni 1903, na mjukuu akataka Rotunda ikarabatiwe na kufunguliwa upya siku ya sherehe. Kuna jambo moja ambalo babu yake alikuwa analitamani siku nyingi, ule uwanja wa katikati ufunikwe ili utumike mwaka mzima, maana Michigan baridi yake si ya kuchezea na uwanja usio na paa unakuwa wa msimu.

Mainjinia wakapiga hesabu. Kuba la kawaida la chuma la kufunika duara lenye upana wa futi 93, yaani mita 28 na ushee, lingefika tani 160. Kuta haziwezi. Kuimarisha kuta maana yake ni kufumua jengo zima, kuweka nguzo mpya na misingi mipya, na tarehe ya sherehe haisogei. Hapo ndo wakamwita Buckminster Fuller.

Kwa wasiomfahamu, Fuller alikuwa mbunifu ambaye kwa miaka kadhaa alikuwa anazunguka vyuoni anafundisha habari ya kuba lake linaloundwa kwa vipande vidogo vidogo vya pembetatu vilivyounganishwa kufuata mviringo wa mpira. Wanafunzi wake walikuwa wamejenga ya majaribio, lakini mteja mkubwa wa kibiashara alikuwa hajapata, wengi walimwona mtu wa maneno mengi. Hoja yake ilikuwa rahisi, pembetatu ukiikamata pembe zake haibadiliki umbo, kwahiyo ukijenga kuba lote kwa pembetatu, mzigo unasambaa pande zote na huhitaji boriti nene popote. Kila fimbo inabeba kidogo tu. Fimbo zikiwa nyembamba unaweza kutumia alumini badala ya chuma, na juu ukafunika kwa paneli za faibaglasi zinazopitisha mwanga.

Kuba alilolijenga pale Dearborn likawa na uzito wa tani 8 na nusu. Rudia hiyo namba uone, kutoka 160 mpaka 8 na nusu, kwa upana uleule. Tarehe 16 Juni 1953 kampuni ikasherehekea miaka 50 na jumba likiwa na paa lake jipya, na Fuller kuanzia hapo hakuhangaika tena kutafuta mtu wa kumwamini, mpaka jeshi la Marekani likaanza kumtafuta. Mi nikiangalia picha za ndani za wakati ule naelewa kabisa kwa nini watu walishangaa, unaangalia juu unaona utando wa pembetatu unang'aa na mwanga wa mchana unashuka laini, huoni kitu kizito popote. Nasema hivi ili isionekane namponda Fuller. Bila yeye uwanja ule usingefunikwa kabisa.

Miaka iliyofuata ndo ya utukufu. Kiingilio bure, magari mapya yanazinduliwa, safari za kiwandani zinaendelea, na kuanzia Krismasi ya 1953 wakaanzisha maonyesho ya Krismasi yaliyokuja kuwa mila ya mji mzima wa Detroit na vitongoji vyake. Mti mkubwa, wanasesere waliovalishwa nguo kwa ajili ya watoto wasiojiweza, sarakasi ndogo ya vinyago vinavyotembea yenye vipande maelfu, pango la kuzaliwa Yesu lenye sanamu za ukubwa wa binadamu. Kwa miaka 9 karibu watu milioni 6 walipita pale kwa ajili ya Krismasi peke yake. Katika vivutio vya Marekani nzima Rotunda ilikuwa inatajwa namba 5, nyuma ya vitu kama Niagara Falls na jumba la kumbukumbu la Lincoln. Jumba la kampuni ya magari hilo!

Turudi juu ya paa sasa, maana huku chini watoto wakipanga foleni, huko juu kulikuwa na tatizo ambalo halikuwahi kuisha.

Kuba la pembetatu lina kingo nyingi mno. Kila paneli ina kingo tatu na kila ukingo ni maungio, na kila maungio lazima yazibwe. Paa la kawaida la bati unalipa mlalo, bati la juu linalalia la chini, maji yenyewe yanashuka bila kukuuliza, silikoni ni msaada tu. Kwenye kuba la namna hii pembetatu zinakutana ukingo kwa ukingo, hakuna la kulalia jingine kirahisi, na pale juu kabisa mteremko ni mdogo maji yanatulia. Unakuwa unategemea kizibio peke yake. Alafu ongeza hali ya hewa. Alumini inatanuka kwa joto karibu mara mbili ya chuma. Mita 28 za alumini, ukichukua tofauti ya nyuzi joto 60 kati ya usiku wa baridi kali wa Januari na jua la Julai linalopiga moja kwa moja juu ya paa, unapata mwendo wa karibu sentimita 4 kutoka ncha hadi ncha. Hizo sentimita 4 zinagawanywa kwenye maungio yote, kila moja linacheza kidogo tu, lakini linacheza kila siku, mchana na usiku, miaka 9, na kizibio cha miaka ya 50 hakikuwa na unyumbufu wa hivi vya leo. Kinakakamaa, kinapasuka, maji yanaingia. Makuba ya Fuller yanajulikana kwa kuvuja, waliojijengea nyumba za namna hiyo miaka ya 60 na 70 walilia na jambo hilohilo.

Kwahiyo paa lilikuwa likizibwa. Na mwaka 1962 kazi ya kuziba ikaangukia Novemba. Hapa ndo pananiuma kila nikifika. Novemba Michigan ni baridi, na dawa ya kuziba ikipoa inakuwa nzito, hainyunyiziki. Ilikuwa dawa isiyo na rangi, ili paneli ziendelee kupitisha mwanga. Ili iwe laini wakaipasha moto kwa hita za gesi ya propeni, hukohuko juu ya paa. Mvuke wa dawa ukashika moto.

Moto ukishaanza mahali pale, angalia kilichopo. Paneli za faibaglasi zimetengenezwa kwa gundi ya plastiki, na gundi ile ikishika inawaka vizuri sana. Imepakwa dawa mbichi juu yake. Fremu ni alumini, ambayo inayeyuka kwenye nyuzi 660 na kabla ya hapo sana imeshalegea, wakati chuma kingevumilia zaidi. Kuba lenyewe limekaa juu ya uwanja mpana wa duara, hewa inapanda kutoka chini kama kwenye bomba la moshi. Na chini ya kuba, siku ile, kuna maandalizi ya Krismasi ya kumi, mapambo, vitambaa, mbao, karatasi, vyote vikavu, vinapangwa kwa ajili ya wageni wanaotarajiwa wiki chache zijazo. Paa likaanguka ndani, likaangukia humo. Zimamoto walifika lakini hakukuwa na kitu cha kuokoa, fremu ya chuma ya jengo ikapinda na zile kuta za mawe zikaporomoka. Wageni na wafanyakazi waliokuwa ndani walitolewa na hakufa mtu, na kwa jengo lililoanguka ndani ya saa moja, tena siku ya kazi, hilo ni jambo la kushukuru sana.

Sasa nani wa kulaumiwa? Wengi wanaishia kwa fundi mwenye hita. Mimi sikubali. Fundi alipewa dawa inayohitaji joto, mwezi wa baridi, juu ya paa la plastiki, na jengo likiwa limefunguliwa kwa umma. Aliyepanga ratiba ndo wa kuulizwa kwanza, kwa nini kazi hiyo haikufanyika Julai ambapo jua lingepasha dawa bure. Nadhani jibu ni kwamba Julai kulikuwa na watalii wengi, na Desemba kuna Krismasi, kwahiyo matengenezo yanasukumwa kwenye kipindi cha katikati. Hii naijua vizuri. Hata kwetu huku ukiambiwa uende ukachome waterprufu, yale matandiko ya bitumini (lami) ya kuzuia maji, kwa gesi juu ya jengo lenye maduka, mwenye jengo anataka kila duka liendelee kuuza, na ukimuomba mtu wa kusimama na mtungi wa kuzimia moto saa nzima baada ya kazi anakuona unaongeza gharama. Yule mtu wa kusimama ndo muhimu kuliko fundi mwenyewe, maana cheche hujificha chini ya bitumini na kuibuka watu wakiwa kwenye chakula.

Wa pili wa kuulizwa ni uamuzi wa 1953. Nimesema ulikuwa wa maana, na bado nasema hivyo. Kosa lake ni kwamba swali lililoulizwa lilikuwa moja tu, uzito. Paa lipi kuta zitabeba? Likajibiwa vizuri mno. Hakuna dalili kwamba swali la litazibwaje miaka kumi ijayo, kwa dawa gani, na likishika moto inakuwaje, lilipewa uzito uleule. Jengo la msimu mmoja lilikuwa limeshaongezewa maisha mara moja kwa kuvalishwa mawe, sasa likaongezewa mara ya pili kwa paa jepesi, na kila nyongeza ilificha udhaifu wa iliyotangulia. Laiti paneli zingekuwa za kioo chenye waya, uzito ungepanda lakini moto usingetembea vile. Labda kuta zingebeba, labda zisingebeba, lakini ndo hesabu iliyostahili kupigwa.

Na kama mtu anadhani ilikuwa bahati mbaya ya mara moja, atazame Montreal. Mwaka 1967 Fuller alijenga kuba kubwa zaidi, mita 76 kwa upana, kama jumba la Marekani kwenye maonyesho ya dunia ya Expo 67. Fremu yake ya chuma, ngozi yake paneli za akriliki. Tarehe 20 Mei 1976, likiwa kwenye matengenezo, likashika moto na ngozi yote ya akriliki ikaungua kwa muda mfupi sana. Tofauti ni moja, fremu ilikuwa ya chuma, kwahiyo ilibaki imesimama na mpaka leo ipo, ndo inaitwa Biosphère, ila haikurudishiwa ngozi. Makuba mawili ya mtu mmoja, yote mawili yameungua yakiwa mikononi mwa mafundi wa matengenezo, yote mawili kwa ajili ya plastiki juu. Ukiweka hayo mawili pembeni kwa pembeni suala la hita ya Dearborn linakuwa dogo.

Ford hawakulijenga tena. Hasara ilikuwa ya mamilioni ya dola na kampuni wakati huo tayari ilikuwa na makao makuu mapya ya vioo palepale Dearborn tangu 1956, na pesa ya maonyesho ilikuwa inaelekea New York, kwenye maonyesho ya dunia ya 1964. Huko walijenga banda kubwa wakaliita Wonder Rotunda, Walt Disney akawatengenezea safari ya ndani watu wakipita wamekaa kwenye magari ya Ford, na ndo hapo Mustang ilipoonyeshwa kwa mara ya kwanza Aprili 1964. Yaani walirudi kulekule walikoanzia, jengo la msimu, maonyesho yakiisha linabomolewa, na safari hii wakalibomoa kweli. Kwa mtazamo wangu huo ulikuwa uamuzi sahihi wa kiinjinia hata kama watu wa Dearborn uliwauma, kwa sababu kulijenga upya lilelile kungemaanisha kuanza na hesabu mpya kabisa kutoka msingi, lisingekuwa lile tena.

Safari za kutembelea kiwanda cha Rouge ziliendelea bila jumba la mapokezi mpaka zikasimamishwa mwaka 1980, na zikarudi 2004, wageni sasa wanapandia basi kwenye makumbusho ya The Henry Ford hapohapo Dearborn. Kwenye kituo kipya cha wageni kiwandani Ford wakajivunia kitu kingine cha paa, maana juu ya kiwanda cha malori pale Rouge wamepanda majani, ekari zaidi ya 10 za mmea mfupi unaoitwa sedum, unaonyonya maji ya mvua. Ni paa zito kuliko la Fuller mara nyingi sana, na jengo lilipigiwa hesabu ya kulibeba tangu siku ya kwanza.